Spika mbili "zilizokufa sumaku": kisa cha ukumbi mmoja wa Kamalondo

Mama mwenye ukumbi aliniita mwezi wa sita, siku zile ambazo asubuhi ya Lubumbashi inataka sweta. Ukumbi wake uko Kamalondo. Ulianza kama mahali pa dansi, ukawa sinema, ukawa nyumba ya maombi, na sasa upande wa nyuma unabomolewa ili pajengwe maduka. Vijana walipoangusha ukuta mwembamba nyuma ya pazia la sinema, wakakuta mbao mbili pana kama milango, zimesimama wima, kila moja imebeba spika moja kubwa katikati. Hakuna aliyekuwa amezisikia zikilia kwa miaka mingi.

"Mwana yangu," Mama aliniambia, "fundi mwenye alipitaka hapa alisemaka sumaku yake ilikufa. Sasa ba mitraye beko banangojea ku mulango."

Mitraye ndilo jina letu la vyuma chakavu, na wanunuzi wale walikuwa na sababu ya kungoja. Ndani ya kila spika mlikuwa na shaba. Baadaye nilipiga hesabu kutokana na unene wa waya (milimita 0.22) na ukinzani wake: karibu kilomita 4.7 za waya kwa kila spika, kilo moja na nusu na zaidi kidogo. Katika mji ulioishi kwa shaba tangu mwanzo wake, kila mtu anajua bei ya kilo moja na nusu. Nilimwomba Mama anipe wiki mbili kabla ya kuuza chochote. Alinipa, na kazi ikanichukua miezi minne.

Nianze na yule fundi aliyenitangulia, maana kosa lake ni la kueleweka na bado linaua spika nyingi. Alisogeza bisibisi nyuma ya spika, mahali sumaku inapokaa, na bisibisi haikuvutwa hata kidogo. Kwa spika yoyote aliyowahi kufungua, hiyo ingekuwa alama ya kifo. Lakini hakuhesabu nyaya. Spika ya kawaida ina nyaya mbili. Hizi zilikuwa na nne: mbili nyembamba, zilizosukwa, zinaingia kwenye koni ya karatasi; mbili nene zaidi, zimevishwa pamba iliyopakwa vanishi, zinaingia kwenye chungu cha chuma cha nyuma. Chungu kile hakikuwa na sumaku iliyokufa. Hakikuwahi kuwa na sumaku. Ndani yake mna koili kubwa, yaani waya mrefu uliozungushwa mara nyingi, na ukiipitishia umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, chuma chote kinageuka sumaku kwa muda wote umeme unapopita. Ukizima, inarudi kuwa chuma tu. Bisibisi isingeweza kuvutwa na kitu kilichozimwa.

Spika za namna hii ndizo zilizotangulia. Rice na Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, walipoeleza mwaka 1925 spika ya koni inayosukumwa na koili ndani ya mwanya wa sumaku, hapakuwa bado na sumaku ya kudumu yenye nguvu ya kutosha na bei ya kubebeka. Kwa hiyo wakatumia sumaku ya umeme. Mwaka 1931 Mjapani Mishima alipata aloi ya chuma, nikeli na alumini iliyoshika usumaku kwa ukaidi mkubwa. Kutokana na hiyo, na kobalti ikiongezwa, zikaja sumaku za alniko, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia koili za sumaku zikaanza kutoweka kwenye spika.

Hapo kuna jambo ambalo sisi wa Katanga tunapaswa kulijua vizuri kuliko wengine. Alniko iliyotumika sana kwenye spika ina kobalti karibu asilimia 24, na kobalti ya dunia kwa sehemu kubwa ilitoka kwetu. Vita vya Kolwezi vya mwezi wa tano 1978 vilipotikisa migodi, bei ya kobalti ilipanda mno, na watengenezaji wengi wa spika Ulaya na Marekani wakaihama alniko wakaenda kwenye sumaku za feraiti, zile nyeusi za duara tunazoziona leo kila mahali. Kwa hiyo nikishika spika ya zamani, sumaku yake inanipa umri wa kukadiria kabla sijatafuta maandishi yoyote: koili ya umeme, basi mara nyingi ni ya kabla ya vita au karibu nayo; alniko, basi yaelekea ni ya kabla ya 1980; feraiti nzito, basi yaelekea ni ya baadaye. Si sheria, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Kumbe katika ukumbi huu zilikuwapo zama mbili chini ya paa moja.

Mama alikumbuka kwamba ukumbi ulifunguliwa miaka ya 1950. Ningelichukua hilo kuwa umri wa spika, ningepotea. Mbao zile mbili zilikuwa na matundu ya boliti ambayo hayakulingana na kitu chochote ukutani, na rangi ya kijivu upande wa mbele ilikuwa imepakwa juu ya rangi nyingine ya kahawia. Maana yake zilifungwa mahali pengine kwanza, zikaja Kamalondo zikiwa mitumba. Umri wa jengo hauna neno juu ya umri wa kilichomo.

Je, zilitoka nchi gani? Watu wengi hapa wangejibu upesi: Ubelgiji, kwani tulitawaliwa na nani? Lakini reli iliyofika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, na kwa reli hiyo viliingia vitu vingi vya Kiingereza na vya Afrika Kusini. Sikutaka kukisia. Niliiuliza boliti.

Kila spika ilishikwa kwenye ubao na boliti nne za karibu milimita 8, na mbili kati yake zilikuwa bado na lakiri nyekundu ya kiwandani juu ya nati, haijapasuka, ishara kwamba hakuna mkono uliowahi kuzifungua. Boliti ya Kiingereza ya Whitworth ya inchi 5/16 ina kipenyo cha karibu milimita 7.9, kwa hiyo kwa macho inafanana kabisa na ya milimita 8. Tofauti iko kwenye meno. Ndani ya milimita 20, ya Whitworth ina meno 14 hivi. Ya kimetriki ina 16. Nilifungua moja, nikaipaka wino, nikaiviringisha juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, nikahesabu alama kwa kioo cha kukuzia. Kumi na sita. Kisha nati ya M8 niliyonunua sokoni ikaingia kwa vidole hadi mwisho bila kukwama. Usijaribu jambo hili kwenye skrubu ndogo: skrubu ya Kiingereza iitwayo 2BA ina hatua, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 0.81 na M5 ina 0.8, zinakaribiana kiasi cha kumdanganya fundi mzoefu. Boliti kubwa haidanganyi.

Basi ni spika za bara la Ulaya. Kiwanda gani? Nyuma ya kila chungu palikuwa na matundu manne ya ribiti na mstatili safi, usio na kutu, ukubwa wa kiberiti. Kibati cha jina kiling'olewa, na kwa usafi wa mstatili ule, si zamani sana. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo, aliyeziona kwa picha nilizomtumia kwa simu, aliniuliza kama ninaweza kuziandika kuwa ni Klangfilm. Klangfilm, kampuni iliyoanzishwa na Siemens na AEG mwaka 1928, ilivalisha vyombo vya sauti sinema nyingi za Ulaya, na jina lake likiandikwa kwenye spika, bei inaruka. Nilikataa. Boliti ya kimetriki inafaa pia kwa Philips, kwa Wafaransa, kwa Wabelgiji wenyewe. Fundi akibandika jina leo, kesho mwingine atalinganisha spika yake na hii, atajifunza uongo, na uongo utazaa. Kwenye daftari langu, mbele ya neno "mtengenezaji", niliandika: kibati hakipo.

Kabla ya kurudi kwenye mbao zile mbili, nipitie masanduku madogo sita yaliyokuwa kwenye ukumbi wa kuingilia na sehemu ya baa, maana yalinifundisha heshima. Matano yalikuwa na spika ya Philips 9710, ile ya inchi 8 yenye koni mbili, ndogo ndani ya kubwa, na sumaku ya alniko. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Kila moja ilikuwa na transfoma ndogo yenye ncha zilizoandikwa wati tu: 10, 5, 2.5. Nilitia volti 10 za AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa ukutani, kwenye ncha ya wati 10, upande wa pili nikapata 0.84. Kwa hiyo volti 100 zingetoa 8.4, na 8.4 mara 8.4 ukigawa kwa omu 7 za spika unapata wati 10. Ni mfumo wa laini ya volti 100, uleule wa vituo vya reli na makanisa: ampli moja, waya mwembamba mrefu, na kila spika inachukua kipande chake. Watu wakikuta transfoma hizi huzikata na kuzitupa ili wafunge spika kwenye redio ya nyumbani. Niliziacha zote mahali pake.

Sanduku la sita halikuwa na transfoma. Kipimo kilionyesha omu 690 kwenye koili ya sauti, mahali nilipotarajia 5 au 6. Nikaiweka pembeni nikiamini koili imeungua nusu. Usiku ule, nikiwa kitandani, ndipo ikanijia. Philips katika miaka ya 1950 ilitengeneza redio ambazo ampli yake haikuwa na transfoma ya kutokea. Lampu mbili za redio za aina ya EL86 zilisukuma spika moja kwa moja, na kwa hiyo spika zake zilikuwa za omu 800. Asubuhi nilikwenda kulipima tena sanduku lile, nikalipa sauti kidogo, likaimba. Fundi fulani wa zamani, transfoma ilipomfia na hana nyingine, alichukua spika ya redio ya omu 800 akaifunga moja kwa moja kwenye laini ya volti 100. Piga hesabu: 100 mara 100, gawa kwa 800, ni wati 12.5 pale ampli inapofika kileleni. Imezidi kidogo kipimo cha jirani zake, lakini kwa muziki wa baa inastahimili. Alijua hasa anachokifanya. Sikugusa kitu katika sanduku hilo ila vumbi.

Sasa zile kubwa.

Jambo la kwanza lilikuwa kuzuia vijana wa pale wasizichomeke. Koili ya sumaku ilinipa omu 2,150 kwenye spika ya kushoto na 2,170 kwenye ya kulia, na koili ya sauti omu 12.4, ambayo ni desturi ya spika ya omu 15 au 16. Swali gumu ni volti za koili ya sumaku, maana kibati ambacho kingeniambia ndicho kilichong'olewa. Hapa ukubwa wa chungu unasaidia. Chungu cha kipenyo kama sufuria ndogo ya ugali kinaweza kupoza joto la wati 20 hivi saa zote za onyesho bila kujidhuru. Chukua wati 20, zidisha kwa omu 2,150, tafuta kipeuo cha pili: volti 207. Spika za sinema zilizolishwa DC ya volti 220 zilikuwa za kawaida barani Ulaya, na kwa volti 220 koili hii ingekula wati 22 na nusu. Hesabu mbili zimekutana mahali pamoja. Nikaamua volti 200, kwa sababu umeme wetu hupanda ghafla unaporudi baada ya kukatika, na chuma cha ncha kikishakaribia kushiba usumaku, volti chache za mwisho haziongezi sauti ya maana bali joto.

Angalia hatari iliyojificha hapo. Mtu akichukua umeme wa nyumbani wa volti 220, akaupitisha kwenye daraja la dayodi na kapasita kubwa, hapati DC ya 220. Anapata karibu 310. Koili hii ingekula wati 45, maradufu ya haki yake, na moshi ungefuata. Nilitumia transfoma ya kutenganisha, nikachagua ncha iliyonipa volti 200 baada ya kapasita. Swichi niliiweka upande wa AC, kabla ya dayodi. Koili yenye kilomita nne za waya juu ya chuma inahifadhi nguvu nyingi. Ukikata DC yenyewe ghafla, inarudisha pigo la volti zinazoweza kutoboa kinga yake ya pamba. Ukikata upande wa AC, mkondo unazunguka kwenye dayodi na kufa polepole.

Lakini kabla ya yote hayo, unyevu. Kipimo cha kinga cha volti 500, kati ya koili na chungu, kilionyesha megaomu 0.3. Maana yake ukigusa chuma cha spika huku imewashwa, umeshika DC ya volti 200 kupitia pamba yenye unyevu. Masika kadhaa zilipita juu ya bati bovu la ukumbi ule. Niliziweka spika ndani ya kasha la mbao na taa ya wati 60, kasha likiwa na matundu juu na chini, kwa siku tatu mchana na usiku. Umeme ulipokatika nililifunika blanketi. Siku ya nne kipimo kilisoma megaomu 18. Hapo tu ndipo nikawasha, nikianza na volti 50, nikipanda taratibu, na chuma kikiwa kimeungwa kwenye waya wa ardhi.

Bisibisi iliruka mkononi ikagonga chungu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, alikuja, akaishika bisibisi, akajaribu kuibandua, ikagoma, akacheka kicheko cha mtu aliyemwona jirani wa zamani.

Joto nililipima bila kipimajoto. Shaba ukinzani wake hupanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Mwanzoni, chumba kikiwa nyuzi 25, ile ya kushoto ilipitisha miliampea 93. Baada ya saa mbili ilipitisha 80, yaani omu 2,500. Ongezeko la asilimia 16 ni nyuzi 42 juu ya mwanzo, jumla 67 ndani ya koili. Ni moto kwa mkono lakini ni salama kwa pamba na vanishi, na baada ya saa mbili na nusu haikupanda tena.

Koni ya kushoto ilikuwa nzima ila imekaliwa. Manyigu walijenga nyumba ya udongo ndani yake, donge la ukubwa wa ngumi. Udongo ule haubanduliwi kwa nguvu, maana unaondoka na karatasi. Niliulainisha kwa brashi ndogo yenye maji kidogo sana, punje kwa punje, kwa siku mbili. Koni ya kulia ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Niliuziba kwa karatasi laini ya mfuko wa chai, iliyochanwa kingo kwa mkono isikatwe na mkasi, na gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji. Kingo zilizochanwa zina nyuzinyuzi zinazoshikamana na koni. Kingo zilizokatwa huacha ngazi ambayo baadaye hubanduka. Na gundi ya maji inaweza kutolewa siku moja na fundi bora kuliko mimi.

Koili ya sauti ya kulia ilikwaruza. Ukisukuma koni kwa vidole vinne, unasikia mchanga. Nilipenyeza utepe wa gundi, upande wa kunata ukiangalia nje, nikauzungusha ndani ya mwanya mara nyingi. Ulitoka na vumbi jekundu na chembe za kutu kama unga wa pilipili. Bado ikakwaruza, kwa sababu ilikuwa imehama katikati. Spika hizi zina buibui wa bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani: kipande chembamba chenye miguu, kinachoiweka koili katikati ya mwanya na kushikwa na skrubu moja katikati ya koni. Unailegeza skrubu, unapenyeza vipande vinne vyembamba vya unene mmoja kuzunguka koili, kila upande kimoja, unakaza, unavitoa. Nilihitaji kitu cha milimita 0.15 hivi. Kwenye chumba cha projekta palikuwa na mabaki ya filamu ya milimita 35, na filamu ina unene huohuo. Nilitafuta kwanza kipande kilichoandikwa SAFETY ukingoni. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 nyingi ni za nitrati, zinashika moto upesi na hazizimiki, si za kukatwa karibu na chuma cha lehemu. Vipande vinne vya filamu ya ukumbi vikairudisha koili ya ukumbi katikati. Koni ikawa inakwenda na kurudi kimya.

Palibaki ngozi. Koni haikuungwa kwenye fremu kwa sponji wala kwa mpira, bali kwa ukanda wa ngozi laini, na robo ya ukanda wa kulia ilikuwa imekauka na kupasuka kama midomo ya kiangazi. Nilikwenda Katuba kwa Papa mmoja anayeshona viatu. Nilimwonyesha kipande. Hakuuliza ni cha nini. Alikibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akakivuta upande huu, akakivuta upande ule, akasema, "Hii inavutika ku njia moja tu. Ukiweka ya kuvutika kote, kintu chako kitapinda." Nilikuwa nimeshasoma mengi juu ya spika, lakini hilo sikuwa nimelifikiria. Alichagua ngozi ya mbuzi ya bitana, akailaza juu ya jiwe, akaanza kuiparua kwa kisu kilichochakaa hadi kuwa kama jani la mhindi. Kila baada ya dakika chache aliiinua kwenye mwanga wa mlango, na mwanga ukipita sawasawa, alinyamaza; usipopita sawa, alirudi mahali pale penye kivuli. Ilimchukua karibu saa nzima kwa ukanda wa sentimita 25. Niligundisha ule tu, robo tatu za zamani nikaziacha. Kabla ya kazi hiyo spika ya kulia ilikuwa na mwitiko wake wa chini, yaani mtikisiko wa asili wa koni yake, kwenye hezi 71 na ya kushoto 58. Baada yake, kulia ikasoma 60. Papa alipokea malipo ya soli moja, akakataa ya soli mbili.

Mwezi wa kumi tukazisimamisha mbao zote mbili ukumbini. Ubao wa kulia ulikuwa na kona ya chini iliyoliwa na mchwa na kubadilishwa zamani kwa kipande cha tripleksi, ubao wa tabaka zilizogundishwa. Nilifunga ampli ndogo, wati 15 tu, maana spika hizi zina usikivu mkubwa na wati moja ilitosha kujaza chumba. Kila moja peke yake ilikuwa nzuri hata nikakaa chini kusikiliza. Niliziwasha pamoja. Besi ikatoweka. Katikati ya ukumbi, mahali penye viti bora, sauti ilikuwa nyembamba kama ya simu, na ukisogea ukutani inarudi.

Hiyo ni dalili inayojulikana: spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Nilichukua betri ya volti 1.5, nikagusa koili za sauti. Nyaya zilikuwa sawa kwa rangi na kwa mpangilio, lakini koni ya kushoto ilikwenda mbele na ya kulia ikarudi nyuma. Ilinichukua muda kuona. Katika spika ya sumaku ya kudumu, mwelekeo unaamuliwa na nyaya mbili tu. Katika hizi, unaamuliwa na nne. Ukigeuza nyaya za koili ya sumaku, kaskazini inakuwa kusini, na koni inageuka nayo, hata kama nyaya za sauti ziko sahihi kabisa. Nyaya za sumaku za kulia zilikuwa zimefungwa kinyume. Nilizibadilisha, nikazilehemu upya, nikawasha.

Nilicheza Jean Bosco Mwenda, mwana wa huku kwetu, katika rekodi zake za mwanzo zilizonaswa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Gitaa moja, sauti moja. Dole gumba likipiga nyuzi za chini, hewa ya ukumbi ilisogea, na vijana wa ubomoaji waliacha nyundo. Mama alikaa kiti cha safu ya tatu mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema mume wake alikuwa akilalamika miaka mingi kwamba sinema ilipoteza "uzito," tangu mbao zilipotengenezwa.

Tangu mbao zilipotengenezwa. Nilirudi nyuma ya ubao wa kushoto na tochi. Chini kabisa kwenye kona, kwa penseli ya seremala, palikuwa na mshale mdogo unaoelekea kwenye nyaya za sumaku, na maneno mawili: "plus huku". Ubao wa kulia, mahali palepale, ndipo palipo tripleksi. Mchwa walikula kona, fundi akaibadilisha, maandishi yakaenda na mbao iliyooza, na siku ya kufunga tena hapakuwa na wa kumwambia waya upi ni upi. Sauti ikakonda, watu wakazoea, baadaye mtu akaacha hata kuziwasha.

Mama amezikataza kuuzwa. Zitabaki kwenye chumba cha mbele, maduka yatajengwa kuzizunguka. Kabla sijaondoka niliomba penseli kwa seremala wa pale, nikapiga magoti nyuma ya ubao wa kulia, nikachora mshale kwenye tripleksi, nikaandika: plus huku.